Kigari cha Kwendea Soko la Jumatano

Nimefika umri, rafiki yangu, wa kuendesha gari kutoka Ibra hadi Nizwa, huku Omani, ili nikalale kifudifudi. Mfereji wa uti wa mgongo, huku chini kiunoni, umekuwa mwembamba na mishipa inabanwa. Shahada zangu mbili za chuo hazikuuzuia. Daktari wa Kikorea alinichoma sindano, akaniumika kwa vikombe kama wazee wetu walivyoumikana, akafukiza majani makavu karibu na ngozi. Hakuniahidi miujiza. "Mfereji hautapanuka," mkalimani alinifasiria. "Tunatafuta maumivu yapungue." Kisha daktari akauliza: nikitembea nimeinama, nimeegemea kitu, napata nafuu?

Nilimwona bibi yangu.

Bibi alirudi Ibra kutoka Unguja na Kiswahili kitamu, na uzeeni miguu ikawa inamfa ganzi kila akitembea kidogo. Nyumbani kila mtu alikuwa tabibu. Shangazi alimsugua mafuta ya habasoda mpaka mito ikanuka. Jirani akaleta mtu wa kuchoma kwa chuma, maana dawa ya mwisho, walisema, ni moto. Bibi alibaki na makovu, na maumivu yaleyale.

Dawa aliigundua mwenyewe. Alitoa stoo kigari kikuukuu cha mtoto, akakisukuma kitupu, ameinama, hadi soko la wanawake la Jumatano bila kupumzika. Sisi wajukuu nyuma yake. Huko, baina ya udi, wanja na vitambaa, walikuwa wenzake waliorudi kama yeye, wakinywa kahawa na kusengenya kwa Kiunguja.

"Bi mkubwa, mtoto yuko wapi?" mmoja wao alimwuliza.

"Si ndiye mimi! Nimechoka kubebwa, nimeshuka."

Ami yangu hakucheka. Sisi tuliorudi tulitazamwa sana, tunavyosema, tunavyokula, na yeye ndiyo kwanza kapata kazi ya serikali.

"Mama, watu watasema akili imekuruka."

"Na waseme. Wao ndio wanaonibeba?"

Ami alikitoa kigari sadaka, akamnunulia bakora nzuri yenye kichwa cha fedha. "Tembea wima, mama, kama watu." Na kusimama wima ndiko kulikombana mishipa. Bibi alijaribu kwa ajili ya mwanawe. Alifika mlango wa nje, akarudi. Sokoni hakwenda tena.

Hakuna aliyemtakia ubaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kiuno. Tulimpenda, tukamnyoosha.

Mwanzo wenzake walimpitia wakitoka sokoni. Kisha mmoja akafa, mwingine akahamia Maskati kwa wanawe, wakapukutika. Soko lipo hadi leo, na udi ni uleule, ila ukitoa shikamoo hapo utatazamwa tu kwa upole. Mimi bado namsikia bibi Jumatano asubuhi, uani, peke yake, akiuliza bei ya wanja, akijijibu kwa sauti ya mwenzake, akipunguziwa, akicheka.