Kadi ilisema mashine ya Claudine inafanya kazi, kumbe imesimama

Wakuu, nawasalimu kutoka Kigali. Haya yamenikuta mwenyewe kazini, na sijatia chumvi.

Mimi Mtanzania, kazi yangu front-end, ile sehemu ya mfumo mtu anayoiona kwenye screen. Nilipata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha nguo huku Masoro.

Ukutani kuna screen kubwa, kila mshonaji ana kadi yake pale. Mashine ikigoma anabonyeza kitufe mezani, kadi inabadilika, mekanika anakuja. Mfumo niliukuta, nikapewa niutunze.

Sasa kuna dada anaitwa Claudine, ni kiziwi. Wenzake mashine ikikwama wanapaza sauti tu, "Hamidu, kuja!" na mekanika Hamidu anafika. Claudine anategemea ile kadi peke yake.

Asubuhi moja nikamkuta msimamizi wao, Bosco, amechachamaa.

"Huyu anatuchelewesha kila siku. Nitamutoa hapa, aende kufunga maboksi."

Nikamuuliza Hamidu mbona hakwenda kumsaidia.

"Niliangalia pale juu, kaka. Iliandika iko sawa. Mimi nitajuaje?"

Nikageuka kwenye screen. Kweli bwana. Kadi ya Claudine ilikuwa na border nyekundu, nyembamba kama uzi. Ndani, maandishi ya kijani: "Inafanya kazi". Na tiki juu yake.

Claudine ameweka mikono mapajani, anatutazama midomo. Anajua anasemwa yeye. Iliniuma sana wakuu.

Nikamwambia Bosco, "Usimhamishe kwanza. Nipe mpaka kesho mchana."

"Yego," akakubali. "Kesho mchana. Haipiti hapo."

Nikafungua code. Kila kitu ndani ya kadi kilikuwa na script yake: border yake, maandishi yake, tiki yake. Mtandao ukiyumba, border inapata habari, maandishi hayapati.

Ni kama nyumba ambayo baba katangaza tunahama, mtoto mmoja kashafunga mizigo, mwingine bado anapika.

Mimi `hover:`, ile ya kubadilisha kitu ukipitisha mouse juu yake, na ndugu zake nilizizoea, ila zile zinaangalia element yenyewe. Hapa nilitaka mtoto (maandishi, tiki) amwangalie mzazi (kadi).

Basi kadi nikaipa class ya `group`. Mashine ikisimama, script inaweka alama moja tu kwenye kadi: `data-imesimama`. Watoto nikawanyang'anya script zote.

Tiki na yale maandishi ya kijani vikapata `group-data-imesimama:hidden`, vijifiche. Neno IMESIMAMA, ambalo lilikuwa limefichwa, likapata `group-data-imesimama:block`. Kadi yenyewe ikageuka nyekundu yote.

(Version za zamani za hii framework ya CSS uandishi wake ni tofauti kidogo, msije mkanilaumu.)

Kesho yake Bosco alisimama pale amekunja mikono. Sindano ya Claudine ikavunjika katikati ya kola. Akabonyeza.

Kadi nzima ikawaka nyekundu, neno kubwa jeupe katikati.

Hamidu alikuwa mwisho wa ukumbi. Akainua macho, akaacha alichokuwa anafanya, akaja moja kwa moja. Hakuna aliyemwita.

Claudine alimtazama Hamidu, akatazama screen, kisha akanigeukia mimi. Alicheka mpaka akaficha uso kwa kitambaa alichokuwa anashona.

Bosco akakunjua mikono. "Abaki hapo hapo."

Siku hizi hata wenzake wameacha kupaza sauti, wanabonyeza tu. Na Hamidu akimaliza kutengeneza, anasubiri Claudine amfundishe alama moja ya mkono. Asante anaijua tayari. Pole bado anaikosea, wanacheka wote.

Nilichojifunza: hali ikae sehemu moja, kwa mzazi, watoto wafuate. Na kabla hujamwita mtu mzembe, kwanza angalia mfumo unasema nini juu yake.

Wenye uzoefu wa `group` ndani ya `group`, karibuni mnikosoe, najua nina mengi ya kujifunza. Na kama kuna mtu yupo Kigali anajua wapi wanafundisha lugha ya alama, aniandikie hapa chini. Tuko wawili, mimi na Hamidu.