Pale Palipoandikwa Jina la Mama

Dada yangu alipofariki, mimi nilikuwa tayari nimechoka. Nalitanguliza hilo kwa sababu wanaonisikia nikisimulia hudhani uchovu uliletwa na msiba. Sivyo. Nilikuwa nimeandika programu za kompyuta kwa miaka, na ya mwisho yote ilikuwa juu ya mfumo mmoja tu, mfumo wa kliniki za akina mama na watoto. Sikuuanzisha mimi. Niliukuta umesimama, nikaajiriwa kuutunza, kama mtu aliyeolewa kwenye boma lenye nyumba kuukuu: unaziba huku, kunavuja kule.

Nilikuwa nimepanga chumba Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, na meza yangu ya kazi iliegemea kitanda. Asubuhi nilisoma malalamiko yaliyotoka kliniki mbalimbali, mchana tukakutana kwa video, alasiri nikarekebisha kilichoharibika, na kesho yake kikaharibika kingine kwa sababu ya nilichorekebisha. Mama mwenye nyumba aliniona sitoki. Siku moja aliniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kuomba kazi ya ualimu.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa Manga na shamba lake la majani chai, aliamini kwamba nina kazi ila hakujua ni ipi. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba kliniki haiwezi kumtia mtu mzimamzima kwenye kompyuta, pamoja na kicheko chake na ugomvi wake na wifi zake. Kwa hiyo mtu kama mimi huketi akaamua ni mambo gani machache yatakayobaki: jina, umri, uzito, chanjo. Mengine yote yanaachwa nje. Hayo machache ndiyo tunayoyaita modeli, na kompyuta haitajua jambo jingine lolote zaidi ya hayo. Mama alinisikiliza huku akichambua mboga za chinsaga, kisha akasema kwamba basi kazi yangu ni kuacha vitu nje. Nikamwambia ndiyo, kwa kiasi kikubwa ni hiyo.

Dada alikuwa mkubwa wangu. Alishona nguo Ogembo, kwenye kibanda karibu na soko, na alikuwa na sauti ambayo ungeisikia kabla hujafika. Hakuwa ameolewa. Alipopata mimba alimwambia mama waziwazi, mama akanyamaza wiki nzima, kisha akaanza kumwekea maziwa. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Dada alipandwa na presha baada ya kujifungua, wakampeleka hospitali kubwa, na huko hakutoka akiwa hai. Baba wa mtoto alikuja mazishini, akasimama nyuma karibu na migomba pamoja na rafiki yake, akaondoka kabla watu hawajagawiwa chakula. Hatujamwona tena.

Tulimzika dada pembeni mwa nyumba ya marehemu baba yetu. Watu wa kanisa walikaa nasi hadi Sabato ikapita, kisha wakarudi kwao, na tukabaki watatu: mama mwenye magoti yanayouma, mtoto ambaye hata shingo yake haijakaza, na mimi. Hakuna aliyeniomba nirudi nyumbani. Nilienda Kiogoro nikafunga kompyuta, nguo na godoro, nikapakia kwenye pikipiki ya jirani, nikapanda Manga.

Kazi niliifanyia sebuleni, karibu na dirisha, mahali pekee ambapo intaneti ilishika vizuri. Ukungu ulipanda kutoka bondeni asubuhi, na mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati sikusikia mtu yeyote kwenye mkutano. Nilijifunza kuandika kwa mkono mmoja. Nilijifunza pia kwamba mtoto hulala vizuri zaidi ukiwa umemfunga mgongoni na umesimama, hivyo nikaweka kompyuta juu ya kabati la vyombo na kufanya kazi wima, nikiyumbayumba. Wenzangu kwenye video waliona dari tu.

Ulipofika wakati wa kliniki, nilimbeba hadi kituo cha afya kilicho chini yetu. Nilijua wanatumia mfumo wetu. Nilikuwa nimewahi kusoma malalamiko yao mengi, ila sikuwahi kuketi kwenye benchi lao. Karani alikuwa kijana mpole mwenye sweta ya kijani. Aliniuliza jina la mama wa mtoto, nikataja jina la dada yangu. Akaliandika, akalipata. Nilimwona akisoma kitu kwenye skrini, akabonyeza tena, akasoma tena.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza.

"Amefariki."

Akasema pole, na alimaanisha. Kisha akanigeuzia skrini kidogo ili nione mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa: *Faili hii imefungwa. Wasiliana na msimamizi.*

Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyetafsiri mfumo wote kwa Kiswahili, na kwa wakati ule niliona nimefanya kazi nzuri. Nilikumbuka hata kuongeza maelezo mafupi pale penye jina la baba, kwa kuwa kwa Ekegusii, lugha yetu, neno *baba* ni mama, na nyanya zetu wakiulizwa jina la baba wengine hutaja jina la mama yao. Nilijua pia kwa nini faili imefungwa. Katika modeli yetu mtoto hakuwa na faili inayosimama peke yake. Alining'inia kwenye faili ya mama kama tawi kwenye shina. Hospitali ilipoandika kwamba mama amefariki, faili yake ilijifunga, na mtoto akafungiwa ndani.

Karani hakuhangaika. Alinieleza kwamba jambo hilo hutokea, na kwamba wana njia yao. Angeniandika mimi kuwa ndiye niliyemzaa, tarehe ile ile, mtoto apate chanjo, mambo yaendelee. Hata nyanya wenye mvi huandikwa hivyo, alisema, na mfumo haujali.

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanawake, mtoto alikuwa ameanza kulia, na sikuwa na nguvu. Nikampa kitambulisho changu. Jina langu likaingia pale palipokuwa pa dada, naye hakuonekana popote.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu mfumo wetu hutuma ujumbe wa simu. Siku chache baadaye, nikiwa katikati ya mkutano, simu ililia: *Mpendwa mama, hongera kwa kujifungua. Je, unanyonyesha bila shida?* Wiki iliyofuata nikaulizwa kama damu imekoma, na kama nina huzuni isiyoeleweka. Kulikuwa na namba za kubonyeza, moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Mama aliniuliza nani ananiandikia kila mara. Nikamwambia ni watu wa kazi.

Ningeweza kuuzima ujumbe ule kwa jina langu. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Sikuuzima. Niliusoma kila ulipoingia, kwa sababu dada ndiye aliyestahili kuulizwa, na hakukuwa na mwingine wa kuusoma kwa niaba yake.

Mwishowe nililileta suala hilo kwenye mkutano. Nilisema kwa lugha ya kazi: mtoto awe na faili yake, na mama awe mmoja kati ya watu wanaohusiana naye, kando ya mlezi yeyote mwingine. Msimamizi wa mradi alisema ni wazo zuri la baadaye. Aliyepinga hasa alikuwa mwenzangu aliyeuchora mfumo tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa mjini Kisii, wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa, mwangalifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alisema kuugusa uhusiano wa mama na mtoto ni kung'oa msingi nyumba ikiwa na watu ndani. Na alisema kweli. Kila jedwali, kila ripoti, kila ujumbe ulipitia hapo.

Siku ya soko nilimwachia mama mtoto, nikashuka mjini kuonana naye. Tulikutana kwenye hoteli karibu na duka la kwao, akaagiza chai na mahamri. Alianza kunieleza kwa nini alijenga vile. Enzi za karatasi, alisema, watoto wawili wenye jina moja walichanganywa, mmoja akadungwa mara mbili na mwingine hakudungwa kabisa. Kumfunga mtoto kwa mama kulimaliza tatizo hilo.

"Majina hurudiwa, vijiji hurudiwa," akasema. "Lakini kila mtoto ana mama mmoja. Nilitafuta kitu kisichobadilika, nikakipata hicho."

Nikamwambia kuhusu dada yangu. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kuhusu sweta ya kijani, na skrini iliyogeuzwa, na jumbe za kunyonyesha. Alikuwa amekata hamri akalishika vile vile bila kulila. Alijua nilifiwa, ofisi nzima ilichanga, ila hakujua kuhusu mtoto.

"Mbona hukusema kwenye mkutano?"

"Ningesemaje? Kwamba nataka tubadilishe msingi kwa sababu nalia?"

Aliliweka hamri kwenye sahani. Kisha akaomba kalamu kwa mhudumu, akavuta karatasi ya kufungia mahamri, akaanza kuchora visanduku. Hakuniomba msamaha wala hakunifariji, na nilishukuru. Alichora mtoto akiwa kisanduku chake peke yake katikati, akasema, "Itatuumiza."

Ilituumiza kweli. Msimamizi alitukubalia baada ya mwenzangu kumwandikia, kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito kuliko langu. Tulifanya kazi msimu mzima wa mvua. Tulihamisha faili kidogo kidogo, kliniki kwa kliniki, na kila tulipogusa mahali pamoja ripoti ya mahali pengine ilitoka tupu. Tulibishana kuhusu mambo ambayo ukiyasimulia hayana maana: kama mlezi aweze kuwa na tarehe ya mwisho ya ulezi, kama jirani ahesabiwe. Wakati mwingine alinipigia na kunikuta namwosha mtoto, akangoja kwenye simu huku akisikiliza maji. Nilikonda. Mama alinitazama jioni moja akasema kwa Ekegusii kwamba hata kuchuma majani chai mvuani hakumchoshi mtu namna hii, maana ukichuma, kikapu hujaa.

Kuna jambo moja lililotushinda. Tulitaka kuwapata wale wengine, nyanya na dada na jirani waliowahi kuandikwa kuwa ni wazazi, ili tuwarudishie marehemu wao. Tulitafuta kwa umri, kwa tarehe zilizogongana, kwa kila njia. Tulipata wachache ambao umri wao ulikuwa mkubwa mno wasiweze kuwa wamezaa. Waliobaki wanafanana kabisa na mama wengine, kwa sababu makarani waliwaandika vizuri. Mwenzangu alikaa na hilo siku kadhaa, kisha akaandika kwenye kumbukumbu za kazi kwamba haliwezekani. Wamo humo hadi leo.

Mabadiliko yalipoanza kutumika hakuna aliyepiga simu kutushukuru, nasi hatukutarajia. Mtoto alipofikisha umri wa sindano ya surua nilimpeleka tena kituoni. Alikuwa mzito sasa, na njia ile ya mteremko niliisikia magotini. Karani wa sweta ya kijani alikuwepo. Aliniambia, akingoja kompyuta iwake, kwamba siku hizi mfumo unawasumbua, watu wa Nairobi wanabadilisha-badilisha mambo bila kuuliza mtu. Nikamwambia pole.

Nilimwomba arekebishe faili. Akafungua, akashangaa kidogo kuona inakubali. Kwenye mama akaandika jina la dada yangu, na kando yake neno *marehemu*. Kwenye mlezi akaweka langu.

"Uhusiano? Niweke shangazi?"

"Mama mdogo," nikasema. "Shuka chini, utaliona."

Akashuka, akaliona, akalibonyeza. Muuguzi akamchoma mtoto, naye akalia kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Nyumbani nilimkuta mama akianua nguo, mvua ilikuwa inanukia. Nilimwambia kwamba jina la binti yake limerudi kwenye faili ya mtoto. Akauliza limerudi wapi, nikasema kwenye kompyuta, kule kliniki. Alikunja shati aliloshika, akalikunja tena ingawa lilikuwa limeshakunjwa. Kisha akaniuliza kama wameliandika lote, na jina la baba yake, au la kwanza tu. Nikamwambia lote. Akaitikia kwa kichwa, akanipokea mtoto, akamgusa shingo, akasema ana joto.

Sindano ile huwapa homa. Nilimwandikia mwenzangu kwamba sitakuwepo kwenye mkutano wa mchana, akajibu sawa, na kwamba ripoti ya wilaya jirani imetoka tupu tena lakini ataiangalia. Nilifunika kompyuta kwa leso. Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati, na mama alishaingia jikoni kuchemsha maji. Nikalala na mtoto kifuani, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.