Bili ya Majitaka Huamuliwa Msimu wa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua chemba katikati ya theluji, mvuke ukanipanda usoni kama ninayefunua sufuria jikoni. Chemba, kwa vijana msioijua, ni kile kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hukutana. Mimi, mtoto wa Sengerema, niliyejisomesha stashahada ya ufundi wa maji kwa kubeba matofali, nilikuwa Ulaya nikilipwa kuchungulia mabomba! Nilitabasamu hadi msimamizi wa zamu akashangaa.

"Unachekelea nini? Huo ni uchafu."

"Nachekelea kazi, bosi."

Msimamizi huyo ndiye aliyenifundisha jambo lililonijengea jina. Bomba la majitaka la nyumbani halifungwi mita, kwa kuwa uchafu ungeiziba. Kinachopimwa ni maji safi yanayoingia ndani. Lakini wakati wa joto watu wa kule humwagilia bustani, na maji hayo huishia ardhini. Kwa hiyo wao husoma mita miezi ya baridi kali, wakati hakuna anayemwagilia, na wastani wa miezi hiyo ndio unaotumika kukadiria bili ya majitaka ya mwaka mzima. "Choo kikivuja wakati wa theluji," aliniambia, "mwenyewe atakilipia mpaka theluji nyingine." Nilikariri maneno hayo kama sala.

Niliporudi Mwanza, kampuni moja yenye nyumba za kupangisha mlimani na mtandao wake wa majitaka ilinichukua kama fundi sanifu mwandamizi. Sikubebwa na mjomba wala shemeji. Wiki hiyohiyo aliingia ofisini Mama Koku, muuguzi mstaafu kutoka Kagera, mpangaji wetu, aliyekuwa na kitalu cha miche ya parachichi na michungwa nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Ulaya?"

"Ndiye mimi."

"Basi niambie, mwanangu, miche yangu nayo inaenda chooni?"

Ofisi nzima ikacheka, yeye hakucheka. Tulikuwa tunatoza majitaka kwa kila tone lililopita kwenye mita, hata lililonyweshwa miche. Kiangazi bili ilimmaliza.

"Kiangazi hiki kikiwa kama kilichopita, nang'oa miche yote," alisema. "Kitalu nilikianzisha kwa mikono hii nilipostaafu. Kikifa, sijui asubuhi nitaamkia nini."

Nilikwenda mbio kwa Meneja wa Ufundi, nikamweleza kanuni ya miezi ya baridi.

"Baridi ipi Mwanza?" akauliza. "Ya Juni? Juni ndiyo watu wanamwagilia mpaka mawe!"

"Sisi tutachukua miezi ya mvua, mzee. Mvua ikinyesha, nani anashika mpira wa maji?"

"Na wanaokinga maji ya bati? Mvua zikianza mita zao zinalala, lakini choo kinaflashiwa kwa ndoo. Hao utawatozaje?"

Swali zuri, na jibu nilikuwa nalo papo hapo. Anayetumia maji ya mvua ndani ya nyumba tumfungie mita ya pili bustanini, tumtoze kila mwezi kwa mita kuu, maji ya bustani tukiyatoa kwenye hesabu. Lakini bati la Mama Koku lilimwaga maji moja kwa moja kitaluni; ndani alitumia ya bomba tu. Mita yake ya msimu wa mvua ilisema ukweli mtupu.

Meneja hakukubali upesi. "Mlima huu ni jiwe. Maji ya kitalu yanateleza juu ya mwamba yanaingia kwenye chemba zetu. Nionyeshe hayaingii, nitasaini. Yakiingia, mama alipe."

Kesho yake asubuhi nilijaza pipa la Mama Koku maji, nikakoroga unga mwekundu tunaotumia kufuatilia njia ya maji. Mama akamwagilia kitalu chote. Mimi na Meneja tukapiga magoti kwenye chemba iliyo mteremkoni, chini ya nyumba yake. Yakapita maji ya kijivu. Yakapita tena. Kisha, Mungu wangu, uzi mwekundu!

"Umeona?" Meneja akainuka, akajipangusa suruali. "Kazi imekwisha."

Nilitazama kitaluni. Mama Koku hayupo.

"Mama! Uko wapi?"

"Jikoni, nanawa! Mikono imekuwa kama ya mchinja ng'ombe!"

Nilicheka nikakaa chini! Nikajaza pipa upya, nikaisuuza chemba, nikafunga koki kuu ya nyumba, nikawatoa nje wote waliokuwamo ndani, tukarudia mwanzo. Safari hii haikupita hata dalili ya wekundu. Nikamvuta Meneja mkono mpaka kitaluni, nikamwonyesha maji mekundu yalikoishia: nyuma ya ukuta wa mawe aliopanga mama mwenyewe, yakizama polepole kwenye udongo alioubeba kwa karai.

Meneja akamgeukia Mama Koku. "Mama, endelea na kazi yako," akasema. "Na wewe, Ulaya, njoo uniandikie utaratibu."

Nikauandika, ukatumika nyumba zote za kampuni. Nilipanda nikawa msimamizi wa mtandao, kisha mkuu wa kitengo, na wenye shahada wakawa wanabisha hodi kwangu kuuliza. Sasa nimestaafu na sioni haya kujisifu, maana jasho ni langu. Vijana, kama mnatozwa kwa utaratibu wa namna hii, mvua zikianza sikilizeni matangi ya vyoo vyenu. Linalotiririka litengenezeni siku hiyohiyo. Miezi hiyo ndiyo inayowaandikia bili ya mwaka.

Kiangazi hiki nilipita mlimani. Kitalu kimepanda matuta mengine juu, na bajaji ilikuwa ikipakiwa miche ya kuvushwa ziwa hadi Kamanga. Mama Koku, mgongo umeinama kidogo, hakuniona. Alikuwa ameshika mpira wa maji, jua likiwaka, bomba limefunguliwa mpaka mwisho.