Dakika Nne Jina Langu Likitafutwa

Admin, ficha jina langu na la ofisi. Nimeandika haya nikafuta mara tatu. Nina miaka kumi na nane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, ninaishi Bukoba kwa mama mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa ugonjwa ule uliomaliza watu wengi huku kwetu. Mimi nilizaliwa nao. Ninameza dawa kila siku na afya yangu ni nzuri. Waliojua walikuwa watatu tu: bibi aliyenilea Muleba, mama mdogo, na nesi.

Nilipata nafasi ya kujitolea kwenye ofisi ya mradi unaotembelea kaya zenye wagonjwa na yatima. Kazi zote zimo kwenye programu ya kompyuta: nani aende kaya gani, lini, apeleke nini, na habari za kila mwanakaya. Sikumwambia mtu kwamba kaya ya bibi ni mojawapo, na kwamba nesi alituandikisha humo nikiwa darasa la sita. Niliona aibu.

Kisha ikaja seva mpya. Badala ya kuongeza kasi, programu ikalala. Unaandika jina la mtu, unakwenda kuchemsha chai, unarudi kiduara bado kinazunguka. Fundi wetu, kaka mcheshi anayependwa na wote, alilaumu mtandao, akalaumu umeme, akasema tunafungua kurasa nyingi. Mimi kuongea naogopa, lakini kupima naweza. Wiki nzima nilipima kwa saa ya simu. Kazi ukiifungua kwa namba yake, inafunguka hapo hapo. Ukitafuta kwa jina, dakika nne, hata nikiwa peke yangu ofisini asubuhi. Nikamwambia, “Kaka, nadhani faharasa ya majina, ile orodha ya kutafutia, haikuhamia kwenye seva mpya. Mashine inasoma watu wote mmoja mmoja.”

Akacheka. “Jamani waitu! Profesa wa kidato cha nne!” Jina likanibaki.

Alhamisi tulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote, projekta ukutani. Mratibu, mama mmoja wa makamo, akauliza programu ina nini. Fundi akajibu, “Profesa anasema ni majina. Haya, tujaribu na lake mwenyewe. Kwa kuwa hayumo, itatafuta mpaka mwisho, tuone.” Akaandika majina yangu matatu, akabonyeza.

Ningesema “usitafute langu,” wangeuliza kwa nini. Nikakitazama kiduara kikizunguka. Dakika nne. Wakapitisha karanga. “Profesa, andaa hotuba!” “Labda anatafutwa na polisi huyu.” Wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nikiomba umeme ukatike.

Haukukatika. Ikatokea picha yangu ya darasa la sita, nimevaa sare. Kisha jina la bibi. Kisha yatima. Kisha hali yangu, na dawa ninazotumia tangu utotoni. Dada aliyekaa karibu yangu akasogeza kiti chake mbali nami. “Zima!” mratibu akasema. Fundi akabonyeza kwa pupa, maandishi yakawa makubwa zaidi.

Ijumaa asubuhi fundi alijenga upya ile faharasa. Wakampigia makofi. Sasa jina langu linatokea kabla hujaondoa kidole. Siku hiyo hiyo nilikuta kikombe changu kimetengwa dirishani, na hao ndio wanaokwenda vijijini kufundisha kwamba kikombe hakiambukizi. Leo Jumapili bibi amepiga simu analia. Habari zimeshafika Muleba; waumini wenzake wamemuuliza nje ya kanisa, “Mjukuu wako dawa zinamkubali?”

Ijumaa ile mratibu aliniita faragha. “Mwanangu, ni bahati mbaya tu. Ukilifikisha jambo hili kwa wafadhili, mradi utasimamishwa. Bibi yako na wale wote watakula nini? Njoo Jumatatu, nitakuandikia mkataba.” Fundi hajaniomba radhi. Aliniambia tu mlangoni, “Sasa mdogo wangu, mbona hukusema mapema?”

Barua kwa wafadhili nimeshaiandika. Nikiipeleka, naweza kuwanyima chakula na nauli ya kliniki watoto kama mimi. Nikirudi kazini, nitakaa na watu wale wale kana kwamba hakuna kilichotokea, na siku nyingine watamfanyia mwingine vivyo hivyo. Kesho ndiyo Jumatatu. Ndugu zangu mnaosoma, nipeni mawazo: nipeleke barua au nirudi kazini? Ila msiniulize mbona sikusema. Hilo najiuliza mwenyewe tangu Alhamisi.