Koti la Redio

Kule kwetu deltani, Kibiti ilikuwa Ulaya. Mtu akifika huko, akirudi alikuwa anasimulia wiki nzima. Kwa hiyo serikali iliporuhusu biashara huria na redio za kaseti zikamiminika madukani, na mume wangu, fundi redio, akaniambia tuhamie Kibiti tukafungue kibanda, nilicheka. Kisha nikafunga mizigo kabla hajabadili mawazo.

Wifi yangu alisema Kibiti ina wenyewe. Mama yeye alinipa doti mpya ya kanga.

"Hii usiivae," aliniambia. "Utaivaa siku mtakayorudi, watu wasije wakasema umerudi na matambara."

Iliniuma. Mama yangu mzazi alikuwa ameshatuandalia nguo ya kushindwa.

Na sisi tulikuwa na ujuzi wetu. Deltani adui wa redio ni chumvi. Unyevu unaingia ndani, nyaya zinashika kutu. Mume wangu alikuwa akisafisha, halafu anadondoshea nta ya mshumaa kwenye kila kiungo, chumvi isipenye. Kwetu alisifika kwa hilo. Tukaja nalo Kibiti lilivyo, na wateja wakaja.

Haukupita muda wakaanza kurudi, nyuso zimekunjamana. Mkulima mmoja wa kijiji cha Mtawanya aliiweka redio yake mezani, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia aibu, "Mama, mie kila nikizungusha, stesheni ile ile. Kabla hamjaitengeneza ilikuwa yakoroma, lakini yatembea."

Mume wangu akaanza kukusanya bisibisi zake. Wifi alisema kweli, akaninong'oneza. Jina likishaharibika hapa halitengenezeki, bora turudi kwetu kabla ya mfungo. Hasira zikanipanda. Nikatoka nje nisije nikamjibu mbele ya mteja.

Baiskeli ya yule mkulima ilikuwa imeegemea kibanda. Kwenye usukani palifungwa kamba, na hapo ndipo redio ilipokuwa ikining'inia, ikiimba njia nzima juani. Nikarudi ndani nikaishika. Ilikuwa ya moto kama chuma cha chapati. Kwetu hakuna baiskeli. Redio inakaa kivulini, na ikisafiri ni kwa mtumbwi, imefunikwa. Hapa nta ilikuwa inayeyuka, inachuruzika mpaka kwenye kigurudumu cha kutafutia stesheni, jioni inaganda.

"Chumvi tumeiacha kwetu," nilimwambia mume wangu. "Hapa adui ni jua na vumbi."

Akaifungua redio mbele ya mwenyewe, akakwangua nta yote. Mimi nikaitoa ile doti sandukuni. Nilikata kipande, nikakishona kwa mkono kikawa koti, na kitanzi cha kutundikia usukanini. Mkulima akaivalisha redio yake, akazungusha, stesheni zikapita.

"Haya," akasema, "sasa imevaa kunizidi mie."

Siku ya gulio walikuja wenzake na baiskeli zao. Wengine redio zao hazikuwa na ubovu wowote, walitaka koti tu. Nilikata na kushona, moyo umenijaa furaha, mpaka jioni doti yote ikabaki pindo.

Mume wangu, bisibisi zake zimesharudi ukutani, akaliokota lile pindo akaligeuzageuza.

"Na siku ya kurudi utavaa nini?"

"Kwani tunakwenda wapi?" nikamwambia.