Boya la Mama Mdogo

Kwetu Wanande, mtoto huzaliwa akakuta jina lake linamngoja. Msichana wa kwanza ana la kwake, wa pili la kwake, na wavulana vivyo hivyo, wote wakihesabiwa kwa tumbo la mama. Niambie jina lako nitajua wangapi walikutangulia, hata waliokufa, maana aliyekufa naye huhesabiwa. Kati ya watu wazima wa nyumba yetu ni mama yangu peke yake aliyekuwa hana jina la namna hiyo. Nilimuuliza nikiwa mdogo. Akasema, "Ni jina yangu tu," akaendelea kuchambua maharage.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Butembo, mtaa wa Bulengera. Nimechora ubaoni viumbe vingi, vyote vikiwa vimegunduliwa na watu wengine, wengi wao marehemu na wenye ndevu. Sisemi haya kwa unyenyekevu. Yaliniuma. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho wanafunzi wangu wangekikuta kitabuni na kusema huyu alikuwa mwalimu wetu.

Likizo moja nilimtembelea mama mdogo, anayeuza samaki Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward. Wakati wa kuagana alinipa tilapia wakavu na boya la wavu lililochakaa, akasema watoto wachezee. Zawadi ya mama mdogo hupokewa kwa mikono miwili, na haiulizwi ilikotoka. Sikuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa adabu nzuri kabisa.

Kwenye kamba ya boya vilikuwa vimeng'ang'ania vidude vinane vikavu, kila kimoja na shina lake, na juu ya shina kichwa kilichofunikwa magamba meupe. Nilivitambua kwa picha za kitabu cha shule. Kwa Kifaransa huitwa anatife. Ni ndugu wa kaa, ila hujishikiza mahali pamoja maisha yake yote na kuchota chakula kwa miguu yenye nywele. Anatife wote wanaojulikana huishi katika maji ya chumvi. Wangu walikuwa wa ziwani.

Nililoweka kimoja katika maji ya uvuguvugu hadi miguu ikalainika. Nilihesabu magamba mara tatu, kwa sababu anatife wa kitabuni walikuwa na matano na wangu alikuwa na saba. Nikapiga picha na kumpelekea mtaalamu mmoja wa Ulaya, mama aliyezeekea katika kazi ya viumbe hivi. Alijibu kwamba magamba yale hayaingii katika jenasi yoyote anayoijua. Huenda ni jenasi mpya, akasema, yaani ukoo mzima ambao bado haujapewa jina. Niandike maelezo, nichague jina, nitaje mahali kilipotoka, kisha nitafute vingine vibichi.

Nilifurahi hadi nikaogopa. Wenzangu shuleni wakaanza kuniita Baba Ziwa, nami niliitika. Kwenye mstari wa mahali niliandika Ziwa Edward. Kwenye mstari wa jina niliandika lile tunalompa msichana wa kwanza, maana kilikuwa kifungua mimba cha ukoo wake. Nilijiona mjanja sana.

Njia ilipotulia na kuwa salama nilipanda pikipiki nikarudi Kyavinyonge. Siku mbili nilikagua mitumbwi, nguzo na nyavu. Wavuvi walicheka, wakaniuliza kama nimepoteza pete. Siku ya tatu mama mdogo, akiwa anapaa samaki uani, aliniuliza ninatafuta nini. Nikamwonyesha picha.

"Iyo?" alisema. "Iyo hapana ya huku. Ile flotteur ilikuja mu ballot ya nyavu ya zamani, ku commerçant moja wa Beni. Mbona haukuniuliza?"

Nilimpigia simu mfanyabiashara huyo palepale, nimuulize robota la nyavu lililoleta boya lilitoka wapi. Alikuwa Mwislamu mstaarabu, akanisalimia kwa kirefu kabla ya kunimaliza. "Mwalimu, ballot zinafika na bateau, kisha kamyo. Bahari gani, Mungu ndiye anajua."

Nikakata simu nikiwa na hasira, na hasira hiyo nilimtolea mama mdogo, ambaye hakuwa na kosa. Nilimwambia sitabadilisha nilichoandika. Nani huko Ulaya angejua? Kidude kimeshaandikwa ni cha ziwa letu, na jina nimeshakipa, la msichana wa kwanza.

Kisu chake kikasimama. "Jina ya mutoto wa kwanza? Na mama yake haumujue?"

"Ni kidude tu, mama mudogo."

"Mama yako pia alikuwa mutoto tu," alisema. "Bazazi bangu balimupata mu njia ya Mabalako, wakati batu balikuwa banakimbia. Alikuwa mudogo sana, hajue hata kusema kwao ni wapi. Batu bakasema tumupatie jina ya wa kwanza, apite kama wetu. Baba yangu akakatala. Alisema, pengine dada yake anabeba ile jina pahali. Tukimuhesabu hapa, tunamufutia batu bake. Siku batakuja, bakute nafasi yake iko wazi."

"Walikuja?"

"Hapana." Akarudia samaki wake. "Lakini tulibangojea."

Mama alikuwa amekwisha kufa. Nilizoea kuwaambia watu kwamba yeye na mama mdogo walichangia tumbo moja. Nilikaa pale uani nikilia mbele ya beseni la samaki, mtu mzima mwenye ndevu, na mama mdogo aliniacha nilie. Nilimlilia mama, na nilijililia mimi pia, kwa sababu nilijua jambo langu la ziwa limekwisha.

Niliporudi Butembo nilifuta mistari miwili. Kwenye mstari wa mahali niliandika kwamba hapajulikani, na kwamba kidude kilifika kwenye boya kuukuu, kwa meli, kwa lori, halafu kwa mkono wa muuza samaki. Kwenye mstari wa jina niliandika jina la mama yangu.

Mtaalamu alijibu baada ya juma moja. Magamba bado ni saba, alisema, na jenasi bado anaiona mpya, lakini wengi watasita kuchapisha kiumbe kisicho na kwao. Anaheshimu kwamba nimesema kweli. Mwishoni aliuliza jina lile lina maana gani katika lugha yetu.

Nilimjibu kwamba ni jina lake tu.