Pima Tena na Nukta ya Viatu Maalum

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la kwao. Alikuwa Pima Tena, kwa sababu hakuwahi kukata ngozi kwa kipimo cha mara moja. Ungekanyaga karatasi, angechora unyayo kwa penseli, angezungusha utepe kwenye kifundo, angeandika, halafu ungemsikia, "Simama tena, mguu huwa unadanganya." Miaka thelathini na moja alishona viatu katika chumba kimoja chenye kaunta mbele, kalibu za mbao zenye umbo la miguu ukutani hadi darini, na harufu ya gundi ambayo mkewe aliapa kwamba inaingia mpaka kwenye chai.

Kazi yake ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na viatu vya kawaida, vya ofisini na vya harusi. Na kulikuwa na viatu vya miguu yenye mambo yake: mmoja mfupi kuliko mwenzake, unyayo uliopinda, vidole vilivyokatwa. Wateja wa aina hii ya pili aliwapimia nyuma ya pazia, asije mpita njia akawakodolea macho. Pazia hilo alilishona mwenyewe.

Mpwa wake, binti wa dada yake, ni mtengenezaji wa tovuti. Aliposikia kwamba watu wanamtafuta mjomba mtandaoni na kumkosa, akaja Jumamosi asubuhi na kompyuta yake, akasogeza kando visigino vya viatu kwenye kaunta ili aiweke.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usiiweke hapo, kuna gundi."

Akaihamisha. "Jina la tovuti tumepata, ni Pima Tena hivyo hivyo. Limebaki swali moja. Tuweke viatu vyote humo, au vile vya miguu maalum tuvipe sabdomeni?"

"Tuvipe nini?"

"Sabdomeni. Mbele ya jina lako naongeza neno na nukta: maalum, nukta, Pima Tena. Inakuwa tovuti ya peke yake, ina sura yake na kurasa zake, ila jina la ukoo ni lako."

"Aa, kama pazia!"

"Kama pazia. Lakini ujue utakuwa na tovuti mbili za kutunza, mjomba. Na mtu akiipata moja, huenda asijue kabisa kwamba ya pili ipo."

"Wanaohusika watajua. Gawanya."

Zikahitajika picha. Jozi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya mwalimu mmoja wa hesabu, nyeusi, soli ya kushoto imenyanyuliwa sentimita nne kwa tabaka nyembamba nyembamba, ngozi ikazungushwa hadi huoni inapoanzia. Mwalimu alikuja Jumanne kubadilisha kisigino, fundi akamwomba ruhusa.

"Piga tu," mwalimu akasema. "Zitakaa wapi?"

Pima Tena akamweleza habari za sabdomeni, kwa ujuzi wa siku tatu. Mwalimu alimsikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliye ubaoni.

"Na viatu vya mkuu wetu wa shule, ulivyomshonea mwaka jana?"

"Hivyo vya kawaida. Vinakaa tovuti kubwa."

"Vilikuchukua siku ngapi?"

"Tatu."

"Na hivi vyangu?"

"Kumi na moja."

"Sasa fundi, kazi ya siku tatu inakaa sebuleni, ya siku kumi na moja unaificha uani?"

Mwalimu akavaa kiatu, akafunga kamba taratibu. "Pazia lako silikatai. Nikivua, mguu ni wangu. Lakini nikishavaa, kiatu hiki ni cha kutembea nacho kifua mbele."

Maneno yale yalimkaa. Hata hivyo hakuridhika na jibu la mtu mmoja, akamuuliza na mteja mwingine wa nyuma ya pazia, mlinzi wa benki, aliyepoteza vidole viwili vya mguu.

"Mimi sitaki mtu ajue," mlinzi akasema.

"Ajue nini? Kiatu hakina jina."

Mlinzi akafikiri. "Basi kiatu weka popote. Mimi ndiye usiniweke."

Hapo Pima Tena akaona njia. Akampigia mpwa wake simu huku kidole gumba kikiwa bado na nta.

"Mpwa wangu, futa ile nukta."

Mpwa akacheka. "Nilitaka iwe hivyo tangu Jumamosi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mjomba. Ulikuwa unapima mara ya kwanza." Kisha akamweleza vizuri. Sabdomeni ingefaa kama angekuwa na shughuli nyingine kabisa, yenye watu wake, tuseme chuo cha ushonaji. Hapa fundi ni yule yule na duka ni lile lile. Viatu vyote vitakaa tovuti moja, picha za miguu na nyuso hazitakuwepo, na anayetaka kupimwa kwa faragha ataandika ujumbe utakaoingia kwenye simu ya fundi tu.

Tovuti ilipofunguliwa, jozi ya mwalimu ilikuwa ya tatu kutoka juu, katikati ya viatu vya harusi na vya ofisini.

Mwezi wa pili tangu hapo akaingia kijana anayetarajia kuoa, nyuma yake baba yake, anachechemea, kiatu kimoja kimejazwa matambara.

"Nilikuwa natafuta vya harusi, vyangu tu," kijana akasema. "Nikashuka kidogo kwenye ile tovuti, nikaviona vile vyeusi. Nikasema, kumbe vinashonwa!"

"Vingekuwa kwenye tovuti nyingine?"

"Nisingefika, fundi. Sikujua kama kuna kitu cha kutafuta."

Siku ya kuchukua viatu vyake vipya, mzee alitembea kutoka kaunta hadi mlangoni na kurudi. Sakafu ya saruji ikatoa mlio mmoja kwa miguu yote miwili. Akageuka, akarudia, safari hii mikono nyuma kama mkaguzi. Mpwa alikuwepo, akainua simu apige picha ya viatu.

"Na uso uweke," mzee akasema, akipandisha suruali viatu vionekane. "Na huyu aliyevishona aje hapa."

Pima Tena akavua aproni yake yenye madoa ya gundi. Akaitazama, akaivaa tena, akaenda kusimama kando ya mzee.